Dakika Nzima ya Kuhesabu Pumzi

Katika vipimo vyote vinavyochukuliwa mlangoni mwa idara ya dharura, kinachokisiwa zaidi ni idadi ya pumzi. Presha ina mashine yake, joto lina kipimajoto, oksijeni ina kile kibanio cha kidoleni. Pumzi zinamtaka mtu. Inabidi asimame, atazame kifua au tumbo la mgonjwa, aangalie saa, ahesabu dakika nzima. Foleni ikiwa ndefu dakika moja ni mali, na ndiyo maana mafaili ya hospitali nyingi duniani yamejaa pumzi 18, pumzi 20, pumzi 18, ukurasa baada ya ukurasa, kwa wagonjwa wasiofanana hata kidogo.

Muuguzi aliyeiva hakisii. Anamshika mgonjwa kifundo cha mkono, anapima mapigo ya moyo kwa nusu dakika. Kisha, bila kuuachia mkono na bila kusema lolote, macho yanahamia kifuani na anaanza kuhesabu pumzi. Mgonjwa haambiwi. Akijua kwamba pumzi zake zinahesabiwa atazibadilisha pasipo kukusudia: ataanza kuvuta hewa kwa utaratibu, au atajibana. Mkono ulioshikwa unamtuliza, na unamfanya aamini kwamba shughuli iko kwenye mapigo. Ni hila ndogo, ya heshima, inayopokezwa kutoka kwa muuguzi mkongwe kwenda kwa mwanafunzi wake. Korona ilipoingia, hila hii ikawa moja ya vitu vyenye thamani kubwa katika jengo zima.

Habari za janga lile zilijaa mashine za kupumulia, maabara na chanjo, na vyote vilistahili kutajwa. Lakini kuna ustadi uliokuwa mlangoni ambao ulipita bila kutazamwa vya kutosha, na ndio ninaotaka kuusifu hapa taratibu. Ni ustadi wa kuendelea kufanya mambo ya kawaida kwa mpangilio, bila kuruka hata moja, wakati hofu yako na hofu ya wote waliokuzunguka inakusukuma urukie mwisho.

Kati ya tarehe 10 na 21 Machi 2020, virusi vya korona vilithibitishwa Kongo, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Wakati huo Bergamo, Italia, ilikuwa imeshazidiwa, na New York ilikuwa njiani. Kila mahali idara za dharura zilikutana na jambo lilelile: watu wengi kwa mpigo, wengi wao wana homa, wanakohoa, wanaogopa, na katikati yao wachache ambao wasipoguswa ndani ya saa moja wanaweza kupotea. Wachache hao hawana alama usoni. Pengine aliyekaa kimya kwenye benchi ndiye anayekwisha, na anayelia kwa sauti anaweza kusubiri.

Kabla ya kipimo chochote kuna salamu, na hapa lugha yetu inamsaidia muuguzi kuliko anavyosaidiwa mwenzake wa kwingineko. Bibi anaingia akishikwa mkono na mjukuu. "Shikamoo bibi." "Marahaba." "Habari za nyumbani?" Muuguzi anaonekana anasalimia tu, kumbe ameshaanza kazi. Mzee wetu akiwa na nafasi hajibu salamu kwa neno moja. "Nzuri mwanangu, tunamshukuru Mungu, ila kifua hiki tangu juzi hakinipi usingizi": maneno hayo yote yakitoka mfululizo, mapafu bado yana akiba. Yakitoka "Nzuri," kisha pumzi, "mwanangu," kisha pumzi, halafu mjukuu ndiye anayemalizia sentensi, basi bibi huyu hapelekwi kwenye benchi. Madaktari wa kila nchi hufundishwa kumsikiliza mgonjwa kama anaweza kumaliza sentensi. Sisi tuna mtihani huo ndani ya adabu zetu za kila siku, na haumwogopeshi mtu.

Baada ya salamu ndipo huja kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Wazo la kuanza na aliye hatarini zaidi, bila kujali cheo chake wala nani amefika kwanza, huhusishwa na Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon. Utaratibu unaotumika katika hospitali nyingi za Afrika una asili ya karibu zaidi: ulitungwa na kundi la wataalamu wa dharura wa Cape Town mwaka 2004, kwa ajili ya mazingira ambayo wauguzi ni wachache na mlango hauna daktari muda wote. Nyekundu, huduma mara moja. Rangi ya chungwa, ndani ya dakika 10. Njano, ndani ya saa 1. Kijani, ndani ya saa 4. Mgonjwa anapewa alama kwa kila kipimo: pumzi, mapigo, presha, joto, kama anatembea au amebebwa, kama yuko macho, kama ameumia. Pumzi zikizidi 29 kwa dakika ni alama 3 kwa mkupuo mmoja. Jumla ikifika 7, ni nyekundu.

Ninaupenda utaratibu huu kwa sababu ya unyenyekevu wake. Rangi inasema mgonjwa ahudumiwe haraka kiasi gani. Haisemi anaumwa nini. Wakati wa janga tofauti hiyo ndiyo iliyookoa watu, kwa sababu kila mtu mlangoni, kuanzia mlinzi hadi ndugu wa mgonjwa, alikuwa ameshajua jina la ugonjwa kabla mgonjwa hajashuka kwenye bajaji.

Chukua mgonjwa wa namna hii, ambaye idara za dharura zimemwona mara nyingi. Kijana wa miaka ishirini na kitu ameletwa kwenye machela, anapumua pumzi 34 kwa dakika, mapigo 124, amechoka, amekuwa na kikohozi na homa ya siku mbili. Pumzi alama 3, mapigo 2, machela 2: nyekundu. Nyumbani wamesema ni korona, jirani amesema ni korona, na aliyempokea getini amekwisha kumwelekeza kwenye hema la wenye matatizo ya kupumua. Muuguzi anambana kidole na kifaa kinasoma 98. Hapo mtu mwenye haraka angeshukuru Mungu kwa ile 98 na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Mwenye ustadi anasimama. Namba mbili hizi hazielewani. Mtu anayepumua 34 kwa sababu mapafu yamejaa maradhi hawi na oksijeni ya 98 bila msaada. Anamtazama tena kifuani: pumzi ni za kina, ndefu, zinavutwa na kutolewa kwa nguvu bila kusita, tofauti na zile fupifupi za mwenye nimonia. Anachoma ncha ya kidole kwa sindano, tone la damu linawekwa kwenye kipima sukari, na mashine inashindwa hata kutoa namba. Inaandika tu kwamba sukari imepita kiwango chake. Kijana ana kisukari ambacho hakikujulikana, damu yake imejaa asidi, na mwili unajaribu kuitoa kwa njia ya pumzi. Anachohitaji ni maji ya mishipani na insulini, na anavihitaji sasa. Homa na kikohozi huenda vikawa vya korona kweli. Maambukizi mara nyingi ndiyo huifichua sukari. Vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja, na hilo nalo linataka mtu asiyeridhika na jibu la kwanza.

Janga halifuti magonjwa mengine. Malaria iliendelea kuleta homa mwaka 2020 kama mwaka mwingine wowote. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, na mtoto wa selimundu mwenye maumivu ya kifua na oksijeni inayoshuka anafanana sana, kwa macho ya haraka, na mgonjwa wa korona. Mama mjamzito aliyevimba miguu na anahema, mzee mwenye moyo uliochoka, dereva wa bodaboda aliyeanguka jana na mbavu zimetoboa pafu: wote hawa wanakuja "hawawezi kupumua vizuri." Ustadi wa idara ya dharura wakati wa janga, kwa maoni yangu, unapimwa zaidi kwa hawa kuliko kwa wale waliokuja na ugonjwa unaotangazwa redioni.

Na wote wanatakiwa kuulizwa, kwa sauti isiyo na hukumu, wametumia nini nyumbani. Nyungu, tangawizi na malimau, vidonge vya duka la dawa, dawa ya presha iliyoachwa kwa kuogopa kuja kliniki. Mgonjwa akihisi anadharauliwa ataficha, na akificha daktari anatibu gizani.

Kile kifaa cha kidoleni kina historia inayonigusa. Njia yake ya kupima iligunduliwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mapema katika miaka ya 1970: mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho hupitishwa kwenye kidole, na kwa kuwa ni damu ya mishipa ya ateri peke yake inayodunda, kifaa huweza kutenga kinachodunda na kisichodunda, kisha kikakadiria damu hiyo imebeba oksijeni kiasi gani. Aoyagi alifariki tarehe 18 Aprili 2020 akiwa na miaka 84, katika majuma yaleyale ambayo vidole vya mamilioni ya watu vilikuwa vimebanwa na kifaa kilichotoka kwenye fikra yake.

Korona ilitufanya tukitegemee kifaa hicho kuliko ugonjwa mwingine wowote uliotangulia, kwa sababu ilileta wagonjwa wa ajabu: mtu ana oksijeni ya asilimia 75, na bado anaongea na simu. Mwili wetu hushtuliwa zaidi na hewa ukaa inayojaa kuliko oksijeni inayopungua. Wengi wa wagonjwa hawa walikuwa bado wanaitoa hewa ukaa vizuri, kwa hiyo kengele ya ndani haikulia. Bila kifaa wangeambiwa warudi nyumbani.

Lakini kifaa nacho kinataka fundi. Kidole cha baridi hakisomeki vizuri. Kinasuguliwa kwanza mpaka kipate joto. Rangi ya kucha inafutwa. Huku Pwani kuna jambo la nyongeza: bibi harusi wa juzi, au mama aliyetoka kwenye sherehe, amepakwa hina au piko nyeusi hadi kwenye ncha za vidole, na weusi huo unaweza kuuzuia mwanga. Muuguzi anayejua watu wake hapotezi muda kubadilisha vidole kimoja baada ya kingine, anahamia kwenye ndewe ya sikio. Kisha anasubiri. Namba ya kwanza inayotokea haiandikwi. Anangoja mpaka mapigo yanayoonyeshwa na kifaa yalingane na yale anayoyahisi kwa vidole vyake kwenye kifundo cha mkono. Vikikubaliana, ndipo anaiamini ile namba ya oksijeni.

Anaiamini kwa kiasi. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa Weusi walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 kuliko wagonjwa Weupe wa kuwa na upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona. Ngozi yenye rangi nyingi huweza kukifanya kisome juu kuliko hali halisi. Sisi tunaokitumia kwa watu wetu kila siku tunapaswa kulitamka jambo hili waziwazi katika kila darasa la uuguzi. Mgonjwa anayesomeka 93 huku anatumia misuli ya shingo kuvuta hewa ni mgonjwa mwenye shida, namba iseme isemavyo. Na yule anayesomeka 95 akiwa ameketi anaweza kuombwa atembee hatua 40 barazani, kisha akapimwa tena; ikishuka kwa 3 au zaidi, haruhusiwi kwenda nyumbani kirahisi. Hatua 40 hazigharimu kitu. Zinataka mtu wa kutembea naye.

Nimesema barazani, na baraza lina nafasi yake hapa. Watafiti waliopima mzunguko wa hewa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, walikuta kwamba majengo ya kizamani yenye dari za juu na madirisha makubwa yalipitisha hewa vizuri kuliko yale mapya. Wodi zetu za zamani zimejengwa hivyohivyo. Katika janga la ugonjwa wa hewa, dirisha lililo wazi ni kifaa tiba.

Kwa nini mlango uwe na nidhamu kiasi hiki, Seoul ilikwisha kutuonyesha. Mwishoni mwa Mei 2015 mgonjwa mmoja wa virusi vya MERS, vya ukoo mmoja na vile vya korona, alikaa siku 3 katika idara ya dharura ya hospitali kubwa ya mji huo kabla ugonjwa wake haujajulikana. Kutoka kwake waliambukizwa watu 82: wagonjwa 33, wahudumu wa afya 8, na watu 41 waliokuja kuwaona wagonjwa wao. Hiyo 41 huwa inanisimamisha. Ni watu waliokuja kujulia hali, kama ambavyo yeyote kati yetu angekwenda.

Kwetu mgonjwa haji peke yake. Ndugu ndiye anayeleta uji, anayemwosha, anayefuata dawa dirishani, anayemgeuza usiku. Unapomzuia ndugu getini, kazi zake zote zinaangukia kwa muuguzi aliyekwisha kulemewa, na juu yake kuna kazi nyingine: kumweleza baba mtu mzima kwamba hawezi kuingia kumwona mkewe. "Shikamoo baba. Samahani sana, ndani haturuhusu kwa sasa. Nipe namba yako, nami mwenyewe nitakupigia saa kumi." Kilichobeba sentensi hiyo ni saa kumi. Saa kumi ikifika bila simu, kesho yake kuna kundi la ndugu getini na hakuna anayemwamini yeyote. Wauguzi waliotimiza ahadi hiyo, siku baada ya siku, kwa simu zao binafsi na salio lao, walikuwa wanatibu.

Halafu kuna mavazi. Kuvaa ni rahisi, kuvua ndiko kunakoua. Ukivaa bado u msafi na una nguvu. Unapovua umetoka zamu ya saa nyingi, umelowa jasho, koo limekauka, na nje ya vazi lako kuna kila kitu ulichokuwa unakikwepa. Mpangilio unaofundishwa na Shirika la Afya Duniani ni huu: glavu kwanza, gauni, mikono inatakaswa, kinga ya macho, na barakoa mwisho kabisa, kisha mikono tena. Barakoa inashikwa kwa kamba zake za nyuma, haiguswi mbele. Wanaoifanya kazi hii vizuri hawavui peke yao. Mwenzako anasimama umbali kidogo na kutazama, akitaja hatua moja moja: "Glavu. Subiri. Gauni. Mikono. Sasa miwani, inama kidogo mbele." Anayetajiwa anaweza kuwa daktari bingwa na anayetaja akawa muuguzi wa mwaka wa kwanza kazini, cheo hakina nafasi hapo. Wenzetu wa Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, walikuwa wanaufanya utaratibu wa aina hii tangu Agosti 2018 kwa ajili ya Ebola, na walipokuwa bado hawajaumaliza mlipuko huo, korona ikawakuta. Katika eneo letu hao ndio walioiva kuliko wote kwa kuvua.

Ndani ya vazi, mhudumu anapoteza hisi zake nyingi. Kifaa cha kusikilizia kifua hakipenyi vizuri kwenye kofia, glavu mbili zinapunguza hisia za vidole, miwani inapata ukungu. Uso wake hauonekani, na mgonjwa anaona macho tu. Katika hospitali nyingi waliandika majina yao kifuani kwa kalamu ya wino mzito ili mgonjwa ajue anaongea na nani. Waliobaki na jicho na subira ndio waliofanya kazi. Na hapo ile hesabu ya pumzi, isiyohitaji kusikia wala kugusa, ilipanda thamani zaidi.

Sasa oksijeni, ambayo ndiyo iliyokuwa dawa hasa. Mtungi mkubwa, ule unaofika kifuani mwa mtu, hubeba lita 6,800 ukiwa umejaa. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na dakika 20. Akihitaji lita 15 kwa barakoa yenye mfuko, unakwisha kwa saa 7 na nusu. Akitosheka na lita 2 puani, mtungi huohuo unakwenda zaidi ya siku 2. Hesabu hii inafanyika kichwani na inafanyika mfululizo, kwa wagonjwa wote kwa pamoja. Mshale wa mtungi ukiwa nusu, gesi iko nusu; kitanda cha nne kina saa 5 na dakika 40; gari la mitungi linarudi alfajiri; basi mtungi wa akiba unasogezwa karibu na kitanda cha nne sasa hivi, kabla usiku haujaingia. Kubadilisha kunachukua dakika chache, lakini kwa mgonjwa asiyeweza kukaa bila oksijeni hata dakika moja, mtungi wa pili lazima uwe umefunguliwa na kupimwa kabla wa kwanza haujaguswa.

Ustadi mkubwa zaidi upo kwenye kupunguza. Mtu akifika amezidiwa, unafungua oksijeni bila kubana mpaka afike angalau asilimia 94. Akishatulia, mtu mzima anatosheka na zaidi ya 90. Muuguzi anayerudi kitandani baada ya nusu saa, akakuta 98, na akashusha kutoka lita 10 hadi 6, akasubiri, akapima, akashusha hadi 5, hajamnyima mgonjwa wake chochote. Ameokoa lita 5 kila dakika, yaani lita 300 kwa saa, kwa ajili ya mtu ambaye bado yuko kwenye gari la wagonjwa.

Na kuna kumlaza mtu kifudifudi. Madaktari wa wagonjwa mahututi walikuwa wameshajua, hasa baada ya utafiti wa Ufaransa wa 2013, kwamba mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia mwenye mapafu yaliyoharibika sana hupona zaidi akilazwa kifudifudi kwa saa 16 hivi kwa siku. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo. Ukilala chali, uzito wa moyo na mapafu yenyewe unaikandamiza. Masika ya 2020, idara moja ya dharura ya New York iliyofurika iliwaomba wagonjwa wasio na mashine, walio macho, wageuke wenyewe. Walichapisha habari za wagonjwa 50. Kwa mgonjwa wa kati, oksijeni ilikuwa 80 alipofika, 84 alipopewa hewa ya mtungi, na 94 dakika 5 baada ya kulalia tumbo. Baadaye utafiti mpana wa nchi 6, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100, ukachapishwa 2021: walioishia kwenye mpira wa kupumulia au kufariki walishuka kutoka asilimia 46 hadi 40. Faida ya wastani, ya kweli, na kifaa kinachohitajika ni godoro.

Ila kumgeuza mtu anayekosa pumzi si jambo la kuamrisha. Anaogopa. Kila kitu mwilini kinamwambia akae wima. Muuguzi anamweleza kwanza, anaweka shuka lililokunjwa chini ya kifua na jingine chini ya nyonga ili tumbo lisibanwe, anapitisha mpira wa oksijeni usikunjike, anageuza kichwa upande, kisha anabaki pale. Anamsomea namba kwa sauti: themanini na tisa, tisini, tisini na mbili. Akichoka anahamishiwa ubavu, kisha anakalishwa, kisha ubavu wa pili. Zamu nzima inaweza kwenda katika kugeuza watu, na rekodi ya hospitali itaonyesha tu mstari mmoja.

Juni 2020 ikaja habari ya deksamethasoni kutoka Uingereza, dawa ya zamani na ya bei ndogo: miligramu 6 kwa siku ilipunguza vifo kwa theluthi moja hivi kwa walio kwenye mashine, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wanahitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Angalia uamuzi ulirudi wapi: ni nani anahitaji oksijeni? Dawa nzuri kuliko zote zilizopatikana mwaka ule ilitegemea kipimo kilichochukuliwa vizuri mlangoni.

Haya yote hayakuanguka kutoka mbinguni. Januari 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura, ya kwanza ya umma nchini Tanzania, na mwaka huohuo chuo kikuu cha afya cha MUHAS kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu 2013. Kabla ya hapo mgonjwa mahututi aliweza kupokelewa na yeyote aliyekuwa zamu. Janga lilikuta fani ina umri wa miaka 10. Wakati nchi inajenga idara hizo hapakuwa na korona ya kuzitetea kwenye bajeti, na ninawashukuru waliozitetea hata hivyo.

Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa ambao katika milipuko iliyopita umewahi kuua hadi watu 88 kati ya kila 100 walioupata. Dawa iliyoidhinishwa haikuwepo. Kulikuwa na dawa za majaribio, na kulikuwa na utunzaji wa karibu wa aina hii niliyoieleza: maji yaliyopimwa, oksijeni iliyopimwa, mgonjwa anayerudiwa tena na tena kitandani. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 66 na waliofariki 15. Wawili kati ya waliozidiwa waliwekewa mpira wa kupumulia, kisha ukatolewa wakiwa hai, na Shirika la Afya Duniani likasema ni mara ya kwanza kwa wagonjwa wa Marburg barani Afrika. Wengi wa wagonjwa wale 66 walikuwa wahudumu wa afya. Wenzao waliowapokea, wakawapima na kuwageuza vitandani, walijua hasa walikuwa wanaingia katika chumba gani.